Dogo hakuzimia, CT safi, kocha anamtaka Jumamosi. Sasa kichwa kinauma nini?

#1 Kaka wa Namba Nne
Wakuu, habari za muda huu.

Nina mdogo wangu wa miaka 17, beki wa kati. Siku tisa zilizopita ilipigwa kona, yeye na kipa wake wakarukia mpira mmoja, goti la kipa likamkuta juu ya sikio. Akaanguka, akainuka mwenyewe, akajikung'uta majani, akamaliza mechi. Hakuzimia hata sekunde. Nilikuwa pembeni ya uwanja, naona kila kitu.

Kituko kilianza ndani ya gari. Akaniuliza, "Bro, tumeshinda?" Nikamwambia mbili moja. Akashangilia, akapiga dashibodi kwa kiganja. Dakika tano hazijaisha: "Bro, hivi tumeshinda?" Akashangilia tena, vilevile, kiganja kilekile palepale. Mara ya tatu sikucheka. Niligeuza gari, tukaenda hospitali. CT, ile picha ya ndani ya kichwa, ikatoka safi, tukapewa vidonge vya maumivu, tukarudi.

Leo akisoma ukurasa mmoja kichwa kinauma. Mwanga wa simu unamkera. Vijiko vikigongana mezani anainuka na kuondoka. Hasira za papo kwa papo, na hakuwa mtu wa hasira. Kocha anasema picha ikiwa safi, kichwa ni kizima, Jumamosi anampanga. Dogo naye anaapa yuko fiti.

Nani muongo hapa: picha, kocha au dogo?

#2 Siti ya Mbele
Nimeweka kambi.

#3 Ngumi Jiwe
Mkuu usitishwe. Kama hakuzimia, huo si mtikisiko wa ubongo. Nimekaa ulingoni miaka sita, mtikisiko naujua: mtu anakwenda chini, anahesabiwa, akiamka anamwita mama yake. Dogo ameona nyotanyota tu. Abandikwe barafu, apumzike wiki, arudi kazini. Ila hiyo CT ilisomwa na nani?

#4 Zamu ya Usiku
Ngumi Jiwe, kwa heshima zote, hapo umepotosha. Katika watu kumi wanaopata mtikisiko wa ubongo michezoni, anayezimia ni kama mmoja. Waliobaki wanasimama kwa miguu yao, na wengine wanamaliza mechi kama huyu dogo. Dalili kubwa kaka mtu ameshaitaja: kuuliza swali lilelile huku kila jibu likimjia jipya.

CT haijadanganya. Imeulizwa kama kuna damu iliyovuja au fuvu lililopasuka, ikajibu hapana. Mtikisiko haikuulizwa, na hata ingeulizwa isingeweza kujibu. Kilichoharibika ni utendaji, umbo liko vilevile. MRI ya kawaida, picha inayopigwa kwa sumaku, nayo mara nyingi hutoka safi.

Mtoa mada, nijibu haya kabla ya mengine. Anatapika mara kwa mara? Maumivu yanazidi kila siku? Mkono au mguu mmoja umelegea? Ulimi mzito? Mboni za macho hazilingani? Amewahi kupata degedege? Maji meupe yanatoka puani au sikioni? Likiwepo hata moja, funga huu uzi urudi hospitali sasa hivi.

#5 Kaka wa Namba Nne
Hakuna hata moja, nashukuru. Maumivu hayazidi, ila hayaishi. Usiku wa kwanza mama alikesha naye akimwamsha kila saa, maana tumekua tukiambiwa aliyegongwa kichwa akilala haamki. Asubuhi dogo alikuwa hoi kuliko alivyolala.

#6 Zamu ya Usiku
Mpe pole mama. Hofu hiyo ina asili yake: kuna damu inayoweza kuvuja taratibu kati ya fuvu na utando wa ubongo, mgonjwa anaongea vizuri kwa saa kadhaa kisha anazama ghafla. Ndiyo maana anaangaliwa kwa karibu saa za mwanzo. Ila akishapimwa na kuonekana salama, usingizi ni sehemu ya dawa. Kumwamsha kila saa ni kumtesa.

#7 Mpenda Ubishi
Tisa kati ya kumi hawazimii, picha haionyeshi, kipimo cha damu sijakisikia. Sasa mnajuaje kama upo? Mimi nikikosa penalti kesho naruhusiwa kusema nilitikisika?

#8 Kipa Mstaafu
Ukikosa penalti wewe tunajua sababu, usisingizie ubongo.

#9 Fizikia Tamu
Swali la Mpenda Ubishi si baya. Wengi wanadhani ubongo unagonga fuvu kama kokwa ndani ya kopo. Shida kubwa ni mzunguko. Chukua chupa ya maji yenye mchanga kidogo ndani, izungushe ghafla kisha isimamishe. Chupa imetulia, mchanga bado unazunguka. Ubongo una uzito wa kama kilo moja na robo tatu hivi, laini, unaelea kwenye maji yake. Kichwa kikipinda ghafla, nyuzi za neva zinavutwa. Goti likikukuta juu ya sikio, kichwa kinapinda vibaya kuliko ukipigwa katikati ya paji la uso.

Baada ya hapo ni kemia. Chembe za neva zinamwaga potasiamu nje, kalisi inaingia ndani, pampu za kurudisha mambo kwenye mstari zinafanya kazi usiku na mchana na kula sukari nyingi. Wakati huohuo damu inayokwenda ubongoni imepungua. Mahitaji juu, mapato chini. Kwa hiyo dogo akisoma ukurasa anatumia akiba ambayo hana.

#10 Zamu ya Usiku
Fizikia Tamu, umeeleza vizuri, ila uzito umezidisha. Ubongo wa mtu mzima ni kama kilo 1.3 hadi 1.4.

#11 Fizikia Tamu
Kweli. Kilo na robo nikaongeza robo mbili za bure. Nimekubali kosa.

#12 Mpenda Ubishi
Labda ni ubongo wako mwenyewe ulikuwa kwenye mizani.

#13 Kiungo na Misuli
Mimi ni fizio, mtaalamu wa tiba ya viungo, na kila siku naona watu wanaoshikilia ubongo tu. Fuvu halikugongwa likiwa limening'inia hewani, lina shingo chini yake. Maumivu yanayoanzia kisogoni, yanayozidi akiinama kusoma, mara nyingi ni misuli na viungo vya shingo. Na kama ana kizunguzungu, kinaweza kuwa cha sikio la ndani, sehemu inayoshika mizani ya mwili. Mtoa mada, mwambie aangalie kidole chake huku akitikisa kichwa kushoto na kulia taratibu. Kidole kikimchezea machoni au akichafuka moyo, hapo kuna kazi ya kufanya kwenye macho na mizani, na mazoezi yake yapo. Nimeona wanaoambiwa "ubongo bado" miezi mitatu, shingo ikashughulikiwa, wakapona.

#14 Fizikia Tamu
Shingo haimfanyi mtu aulize matokeo mara tatu.

#15 Kiungo na Misuli
Siku ya kwanza, hapana. Siku ya tisa ni kesi nyingine. Sijasema ubongo haukuguswa, nimesema hauko peke yake.

#16 Kaka wa Namba Nne
Nimemjaribu kidole. Alifika mara tano akashika ukingo wa meza. Sasa sijui nichukue hesabu ya nani.

#17 Kijana wa Kona
Mnaongea bila mfano. Fainali ya Kombe la Dunia 2014, Ujerumani na Argentina. Christoph Kramer wa Ujerumani alikula bega la Garay wa Argentina dakika ya 17. Akainuka, akaendelea. Baadaye akamfuata mwamuzi Rizzoli na kumuuliza: hivi hii ndiyo fainali? Rizzoli kwanza alidhani anamtania. Alitolewa dakika ya 31. Ana medali ya ubingwa wa dunia na kipindi chake cha kwanza hakikumbuki.

Kama pale, mbele ya dunia nzima, alicheza dakika 14 katika hali ile, kocha wa dogo atajuaje?

#18 Kipa Mstaafu
Na Karius, kipa wa Liverpool, je? Fainali ya Ligi ya Mabingwa na Real Madrid, Kyiv 2018. Ramos alimpiga kiwiko, dakika chache baadaye anamrushia Benzema mpira mguuni, kisha shuti la Bale linampita mikononi. Dunia ikamcheka. Madaktari wa Boston walipompima siku kadhaa baadaye wakasema alipata mtikisiko na ungeweza kuathiri uonaji wake.

#19 Mpenda Ubishi
Nilijua tutafika huko. Alipimwa BAADA ya lawama. Usiponiambia alikuwaje kabla ya kiwiko, kipimo cha baadaye hakinishawishi. Magoli mabovu yalikuwepo kabla Ramos hajazaliwa.

#20 Kipa Mstaafu
Kaka, mimi nimekula goti la mshambuliaji nikiwa golini. Mpira ukija niliuona mmoja, ukifika ni miwili. Nikachagua wa kushoto. Ulikuwa wa kulia. Sikumwambia mtu kwa sababu kipa wa akiba alikuwa ameshavua fulana ya mazoezi na ananiangalia. Usimcheke Karius mbele yangu.

#21 Siti ya Mbele
Namba 20 imenishika pabaya.

#22 Mama Pacha
Jamani, mimi ni mzazi. Binti yangu aligongana kichwa na mwenzake, miaka 14. Tuliambiwa chumba cha giza, hakuna simu, hakuna kitabu, hakuna marafiki, mpaka dalili ziishe. Wiki mbili. Dalili hazikuisha, akaongeza na za kwake: halali usiku, analia, anahesabu mapigo ya kichwa chake. Daktari wa pili ndiye aliyesema fungua pazia, mtembeze. Siku ya kwanza dakika kumi kuzunguka nyumba. Ndani ya wiki nikamwona mwanangu tena.

Sasa nauliza, kilichokuwa kinamuuma ile wiki ya pili ni ubongo au kile chumba?

#23 Zamu ya Usiku
Mama Pacha, ulipewa ushauri wa zamani, na hukudanganywa kwa makusudi. Miaka ya nyuma ndivyo tulivyofundishwa. Siku hizi, na mwongozo wa wataalamu uliotoka 2023 baada ya mkutano wa Amsterdam unasema hivyo, ni mapumziko ya kadiri siku moja au mbili za mwanzo, simu na televisheni zipunguzwe saa 48 hizo, halafu anaanza kutembea. Dalili zikipanda kidogo, pointi mbili katika kumi, zikashuka ndani ya saa moja, anaendelea. Zikipanda zaidi ya hapo anasimama, anajaribu kesho.

Kuna utafiti wa 2019 uliofanywa kwa vijana. Waliopewa mazoezi mepesi ya kupandisha mapigo ya moyo walipona kwa siku 13, waliopewa kunyoosha viungo tu siku 17. Si muujiza, lakini siku nne kwa mtoto ni nyingi.

#24 Ngumi Jiwe
Sisi ulingoni tulikuwa tunarudi mazoezini Jumatatu. Nimepigana miaka minane na hakuna aliyenipeleka chumba cha giza wala cha mwanga. Vijana wa siku hizi wepesi. Mtoa mada, hiyo CT ilisomwa na nani?

#25 Mpenda Ubishi
Hahaha, bingwa, hilo umeuliza bandiko la 3. Na kule ulikuwa na miaka sita, sasa minane. Tukifika ukurasa wa pili utakuwa na mkanda wa dunia.

#26 Zamu ya Usiku
Turudi kwa dogo na Jumamosi, maana ndiyo ya haraka. Jibu ni HAPANA. Hata kama maumivu yangeisha leo. Kurudi kuna ngazi sita: shughuli za kawaida za nyumbani, kutembea au baiskeli ya mazoezi, kukimbia na mpira peke yake, mazoezi na wenzake bila kugusana, mazoezi kamili daktari akishamruhusu, halafu mechi. Kila ngazi walau saa 24, na kuanzia ya nne asiwe na dalili hata moja. Ukihesabu, mwenye dalili leo hafiki Jumamosi.

Tena ana miaka 17. Wapo vijana waliopata pigo la pili kabla la kwanza halijapoa, ubongo ukavimba ndani ya dakika chache wakafa. Ni nadra sana, na wataalamu bado wanabishana kama pigo la kwanza lilihusika kila mara. Mimi sitaki dogo awe sehemu ya huo ubishi.

Na Mpenda Ubishi, kwa lile swali lako la #7: kuna maswali ya pembeni ya uwanja. Tuko uwanja gani? Kipindi cha ngapi? Nani kafunga bao la mwisho? Wiki iliyopita mlicheza na nani? Mlishinda? Usimuulize tarehe wala jina lake, hayo mengi wanayajibu. Akikosa moja, anatoka na harudi siku hiyo. Akijibu yote bado hajafuzu, kama ana dalili anatoka vilevile.

#27 Kijana wa Kona
Tarehe mimi mzima siijui.

#28 Bi Filimbi
Nachezesha mechi za vijana. Sheria imesogea, ila kwa mwendo wa kobe. Mpira wa miguu ulianza majaribio ya mabadiliko ya ziada kwa ajili ya mtikisiko Januari 2021, na kuanzia Julai 2024 yakaingia kwenye sheria, mashindano yakitaka. Anayetoka harudi, na timu pinzani inapewa nafasi ya ziada pia ili pasiwe na ujanja. Raga wao mchezaji anatoka kwa muda, anapimwa chumbani dakika 12, mwenzake anashika nafasi. Huku kwetu daktari anapiga magoti kwenye nyasi, uwanja mzima unampigia miluzi, kocha anaangalia saa, na anatakiwa aamue.

Kosa tunalolifanya marefa nalisema mwenyewe: mchezaji akituambia "niko sawa, mama" tunapuliza filimbi. Anayeulizwa ndiye aliyegongwa.

#29 Kipa Mstaafu
Na akijibu "siko sawa", Jumamosi ijayo ni benchi. Hilo nalo mliandikie sheria.

#30 Kaka wa Namba Nne
Vipi zile kofia kama ya kipa Petr Čech? Nimnunulie?

#31 Fizikia Tamu
Čech alipasuka fuvu Oktoba 2006, na kofia ilikuwa ya kulinda mfupa uliopasuka. Kofia laini inakusaidia usichanike, usipate nundu. Kuzuia ubongo usizunguke ndani, haiwezi. Rudi kwenye chupa yangu: ivalishe soksi, uizungushe, mchanga utajua?

#32 Bi Filimbi
Kinachopunguza kweli ni kanuni. Hoki ya barafu ya watoto, walipokataza kugongana miili kwa makusudi, mitikisiko ilishuka kwa asilimia 58. Raga nao mazoezi ya shingo na mizani kabla ya mchezo yamesaidia. Marekani watoto wa miaka 10 kushuka chini hawapigi mpira kichwa.

#33 Kijana wa Kona
Sasa bila vichwa, kona zinapigwa za nini? Jina langu litakuwa halina maana.

#34 Zamu ya Usiku
Hapo kuna mjadala mwingine kabisa, ule wa vichwa vidogovidogo vya miaka mingi. Jeff Astle wa West Bromwich Albion, mfungaji wa vichwa, alikufa 2002 akiwa na miaka 59, mchunguzi wa vifo akaamua ni ugonjwa uliotokana na kazi. Kisha 2019 watafiti wa Glasgow walichukua wachezaji wa zamani wa kulipwa wa Scotland, 7,676, wakakuta vifo vya magonjwa ya kuoza kwa ubongo ni mara tatu na nusu ya watu wa kawaida. Walipogawa kwa nafasi, mabeki walikuwa juu zaidi. Makipa hawakutofautiana sana na watu wa mtaani.

#35 Kipa Mstaafu
Narudia kwa wasiosoma vizuri: MAKIPA.

#36 Mpenda Ubishi
Utafiti huohuo ulisema wachezaji hao waliokufa kwa moyo na saratani ya mapafu walikuwa wachache kuliko watu wa kawaida. Mtu akiepuka moyo anafika umri wa kusahau. Na wale walipiga mipira ya ngozi iliyolowa, mizito. Msimchanganyie mtoa mada, wa kwake ni goti moja.

#37 Kiungo na Misuli
Mpira mkavu ulikuwa mwepesi kama wa leo, ukilowa ndiyo unakuwa mzito. Lakini wa leo unakuja kwa kasi zaidi. Usiwe na haraka ya kufurahi.

#38 Ngumi Jiwe
Nimerudi kusoma uzi toka mwanzo.

Olimpiki walitia kofia za ulingoni 1984, wanaume wakazivua 2016, na hoja mojawapo ilikuwa kwamba kofia inamfanya mtu apokee ngumi nyingi zaidi. Hiyo nilitaka kuiandika kumuunga mkono Fizikia Tamu. Nilipopanda juu nikakuta bandiko la 3 na la 24. La 3 sikumbuki kuliandika.

Ni miaka minane. Nimemuuliza mke wangu.

#39 Mpenda Ubishi
Kaka, lile la mkanda lilikuwa utani tu. Samahani.

#40 Ngumi Jiwe
Usijali, lilikuwa zuri. Nimelicheka mara mbili.

#41 Zamu ya Usiku
Ngumi Jiwe, kusahau bandiko hata mimi nasahau, msianze kupimana hapa. Usingizi mbovu, presha, dawa, mawazo, vyote hufanya hivyo na vingine vinatibika. Ila nenda ukaonwe, na mke wako aende nawe aeleze yeye anachokiona. Ukitaka nikuelekeze uanzie idara ipi, nitumie ujumbe.

#42 Kaka wa Namba Nne
Mrejesho wakuu. Siku ya 16. Jumamosi hakucheza. Kocha alikuja nyumbani kulalamika, nikamuuliza yale maswali ya Zamu ya Usiku: wiki iliyopita mlicheza na nani, nani kafunga la mwisho? La mwisho akakosea. Dogo akacheka mpaka akashika kichwa.

Anatembea dakika 20 kutwa mara mbili, na fizio anamfanyia shingo. Kurasa tatu sasa anasoma. Fizio anasema ni shingo imefunguka, daktari anasema ni muda, mama anasema ni maombi. Hasira bado zipo, na mwenyewe anasema ni kwa sababu anawaona wenzake wanacheza. Sijui niamini lipi.

#43 Mama Pacha
Yote. Na usimfungie ndani.

#44 Kijana wa Kona
Kocha naye atolewe, asirudi siku hiyo.

#45 Ngumi Jiwe
Zamu ya Usiku, nimekutumia ujumbe. Kama ni wa pili, soma wowote.